Ndimu, Moto na Mama Mukwe wa Asani

Munaniita Papa Ndimu, na ninajua munafikiri nini. Munafikiri ni sababu ya uso wangu. Juzi nilimusikia mumoja wenu pale atelye, karakanani, akiwaambia wenzake, "Musimuulize muzee kitu asubuhi, bado hajatiwa sukari." Nilikusikia, kijana. Macho yangu ndiyo yamechoka, masikio bado.

Lakini ubishi wenu ulikuwa muzuri, ndiyo maana nimechukua kalamu. Mulikuwa munabishana: chuma inaweza kuungua, ama inayeyuka tu? Mumoja akafungua simu atafute jibu, rezo, ule mutandao, ikakatika, mukabaki munatazamana. Sasa kaeni. Miye nimechomelea vyuma hapa Kasongo tangu nikiwa na nywele kichwani: mageti, vitanda, baiskeli za watu wa Nyangwe zilizobebeshwa samaki mpaka fremu ikakatika katikati. Jibu ninalo. Jibu hilo nusura liwe sababu ya mama wa watu kufukuzwa muji, na ndilo lililoninyang'anya jina langu la kwanza. Mbele ya kuwa Papa Ndimu niliitwa Papa Cheche, na nilikuwa nikilipenda jina hilo sana.

Nianze na muzee Gaspari, aliyenifundisha kazi. Alikuwa mutu mufupi, hacheki, na fimbo yake ya kufundishia ilikuwa swali. Siku moja tulikuwa tunakata shasi ya lori la zamani kwa shalumo, lile bomba la moto lenye njia mbili: moja ya gazi, moja ya oksijeni. Akaniuliza, "Tunafanya nini hapa?"

"Tunakata chuma, muzee."

"Kisu iko wapi?"

Muzee akaipasha ile chuma mpaka ikawa nyekundu ya kung'aa, akafungua oksijeni, cheche zikaanza kumwagika chini. Halafu akafanya kitu ambacho nilidhani amerukwa na akili: akafunga gazi. Muwali ukazimika. Ilibaki oksijeni peke yake, upepo tu. Na chuma iliendelea kukatika! Muzee anasogeza mukono polepole, mustari unakwenda, cheche zinamwagika, na moto wa gazi hakuna.

"Sasa nani anakata?" akauliza.

"Sijui, muzee."

"Chuma inajiunguza yenyewe. Sisi tunaipa pumzi tu. Ukikata karatasi kwa moto, unasema karatasi imeungua. Chuma nayo ni vile vile. Ile takataka nyeusi inayodondoka chini ndiyo majivu yake."

Basi hapo ndipo nilipopata jibu la ubishi wenu, miaka mingi mbele ya nyinyi kuzaliwa. Chuma inaungua. Karibu kila chuma inaungua, ukiipa joto ya kutosha na pumzi ya kutosha, na ukiifanya ndogo. Nondo nene ukiiweka jikoni itakaa tu, itakuwa nyekundu, itapoa. Lakini inoe kwenye meule, lile jiwe la kunolea linalozunguka: zile cheche munazozipiga picha mukiwatumia wasichana, ni vipande vidogo vya chuma vinavyoungua hewani. Dhahabu ndiyo haiungui. Ndiyo maana ndugu zetu wa Lusangi wanaitafuta hivyo, maana kitu ambacho hata moto imekishindwa ni kitu cha kushika vizuri.

Lakini kujua ni kitu kimoja na akili ni kitu kingine. Mwaka huo huo, parafujo ya kichwa cha chupa ya oksijeni ilikuwa inakaza. Miye, mutoto wa Maniema, nikiona kitu kinakaza ninafikiria nini? Mawese! Nikachovya kidole kwenye kopo la mama mupishi, nikapaka vizuri, nikafunga, nikafungua chupa. Paa! Muwali ulitoka pale pale kwenye parafujo, na ile saa ya kupimia, ya shaba nzima, ikaanza kuwaka. Gaspari alifunga chupa kwa kitambaa kilichokunjwa, kisha akaja kunitazama usoni. Sikuwa na nyusi hata moja.

"Ulipaka nini?"

"Mawese, muzee."

"Ulitaka kuikaanga?"

Kwa muda wa majuma matatu wanawake wa soko walikuwa wananiuliza kama ninauza sambusa. Mushike hilo: oksijeni na mafuta haviko ndugu. Mawese, girisi, hata mukono uliotoka kula kalanga, hapana. Kama parafujo inakaza, inakaza. Tumia ufunguo na uvumilivu.

Na zinki je? Yale mabati meupe na mabomba munayochomelea munainamisha kichwa juu yake bila hata kitambaa puani, na miwani ya jua kama munaenda arusi? Ule moshi muweupe, na zile nyuzi zinazoruka kama pamba, ni zinki inayoungua. Mimi nilichomelea tangi la bati muchana muzima ndani ya chumba kilichofungwa. Jioni homa, kutetemeka, mudomo una ladha ya senti. Muke wangu akaninywesha dawa za malaria. Kesho yake nimepona, nikasifu dawa. Juma lililofuata tangi lingine, homa ile ile. Mara ya tatu muke wangu, ambaye hajawahi kushika chuma zaidi ya sufuria, akasema, "Papa, huyu mumbu wako anauma siku za tangi tu?" Alikuwa na haki. Fanyeni kazi nje, upepo ukiwa mugongoni, na kwanguni ile zinki mbele ya kuchoma. Musidanganyane kwamba kunywa maziwa kunaondoa ule moshi.

Sasa tuje kwa Asani na mama mukwe wake.

Asani alikuwa muyeyusha aluminiamu, jirani yangu, ng'ambo ya njia tu. Alikuwa anachukua vyuma vyepesi vilivyokufa, vifuniko vya mashine, masufuria yaliyotoboka, anayeyusha kwenye chungu cha chuma juu ya makaa, anamwaga kwenye mchanga, inatoka sufuria mupya. Muke wake Salima ndiye aliyekuwa anazungusha gurudumu la baiskeli lililopuliza makaa. Watu wazuri, wacheshi, na wenye moto. Hapa niseme vizuri: wenye moto ya makaa, na wenye moto ya magurudumu mawili. Munajua siye huku pikipiki tunaiita moto. Watu wa pwani wangesema "moto huu" kwa wa jikoni na "moto hii" kwa pikipiki, mambo yakaisha. Lakini siye kila kitu ni "hii", kila kitu ni "iko". Moto hii, moto ile. Kumbukeni neno hilo, maana ndilo lililoleta kesi.

Asani alikwenda Kabambare kumuchukua mama mukwe wake, Mama Feza, aje akae nao muezi mumoja. Akamubeba kwa moto. Njia munaijua: mashimo, matope, madaraja ya miti mitatu. Mama alifika hapa na vumbi mpaka kwenye nyusi, na kwenye mundi wa mguu wa kulia ana alama ya kuungua ukubwa wa kiganja, sababu bomba la moshi lilimugusa. Asubuhi ya pili akatoka mbele ya nyumba, majirani wote wanasikia, akamunyooshea Asani kidole: "Moto hii imeniunguza miye. Siku moja itakuunguza na weye, utaona!" Akarudi ndani kunywa chai.

Saa mbili baadaye nilisikia mulio. Hapana, kwanza niliona mwanga. Nilikuwa ninapiga tupa geti, na kivuli changu kikaruka ukutani kana kwamba jua la pili limetoka ng'ambo ya njia. Mweupe. Mweupe wa kuumiza. Mutu akapiga kelele, "Moto! Moto!" Na watu waliokuwa njiani wakafanya nini? Wakaruka pembeni kupisha pikipiki! Wamesimama kwenye mufereji, wanatazama huku na huku, moto yenyewe hawaioni. Ningecheka, lakini nilishajua ni nini. Nikakimbia nikilia, "Hapana maji! Hapana maji!" Nilichelewa. Salima alikuwa ameshainua ndoo.

Akamwaga, ikapasuka kwa kishindo. Paa la makuti la kibanda likaondoka lote. Asani aliungua mukono wa kushoto mpaka kiwiko. Salima alisukumwa akaanguka juu ya gunia la makaa, na hilo ndilo lililomuokoa. Hakufa mutu, Mungu ashukuriwe. Chungu kikabaki kinawaka peke yake, kimya, na unga mweupe ukishuka juu ya vichwa vyetu.

Kwenye mufuko wa Asani wa vyuma vya kuyeyusha, nikaona mabaki ya ganda la mashine. Nililijua. Ni miye niliyemupa Asani.

Nieleze. Mutu mumoja alikuwa ameniletea tronsoneze, ile mashine ya kupasulia mbao porini, imekufa kabisa. Nikachukua vifaa vya maana, ganda nikamupa Asani zawadi. Akaniuliza, "Hii iko aluminiamu, Papa Cheche?" Nikainua ganda kwa mukono mumoja, nikamujibu bila hata kuvua glovu: "Safi kabisa. Miye ninajua chuma yangu." Safi kabisa! Ganda la tronsoneze mara nyingi si aluminiamu, ni manyeziamu. Inafanana nayo kwa rangi, ni nyepesi zaidi, na ikishika moto haizimwi na maji. Inanyang'anya maji pumzi yake, moto inaongezeka, na maji yanapasuka. Na Gaspari alikuwa amenifundisha namna ya kutambua! Kwangua mahali padogo mpaka ing'ae, kamulia ndimu. Aluminiamu inakaa kimya. Manyeziamu inatoa povu pale pale. "Mbele ya kuyeyusha," alikuwa anasema, "uliza ndimu. Kuuliza si ujinga." Nilikuwa na ndimu dirishani. Niliona uvivu.

Mutu muzima angesema siku hiyo hiyo. Miye nilikwenda nyumbani nikanyamaza.

Kesho yake muji umeshapata maneno. Chuma haiungui, kila mutu anajua chuma haiungui. Hii iliungua, tena mweupe, tena ilikula maji. Basi si chuma, ni uchawi, ni ulozi. Na nani alisema asubuhi "moto hii itakuunguza"? Wote walisikia! Kaka mukubwa wa Asani, Sefu, mutu wa sauti kubwa, akasema yule mama arudi Kabambare kwa miguu, siku hiyo hiyo, na asikanyage tena hapa. Salima akasema mama yake akienda, yeye naye anakwenda. Asani, mukono umefungwa majani na kitambaa, alikuwa analia tu. Mama Feza alijifungia chumbani. Mutu ambaye alikuja na kuku wawili na gunia la muhogo kwa wajukuu, sasa wajukuu wanakatazwa kula chakula chake.

Na miye? Nilikuwa najua. Siku ya kwanza nilisema moyoni, maneno yatapoa. Siku ya pili nilisema, mukono wa Asani upone kwanza. Uongo mutupu. Niliogopa jina langu. Nani atamuletea geti fundi asiyejua chuma yake? Ninaona haya kuandika hivi, lakini nimeandika. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Siku ya tatu shefu wa kartie, mukubwa wa mutaa wetu, akaita watu wote kwenye baraza ya biro, ofisi yake. Alikuwa mutu mutulivu, anapenda kusikiliza akifuta miwani. Akamwambia Mama Feza aseme mwenyewe.

Mama akasimama. Akainua kitenge mpaka kwenye mundi, akaonyesha lile jeraha. "Shefu," akasema, "hii ni moto niliyosema. Moto ya Asani. Ile ya kupiga kelele, ya mataa mbele. Iko pale, imesimama, muende muiulize. Nilisema bomba lake litamuunguza naye siku moja. Nyinyi mulisikia moto gani?"

Halafu mwanamuke mumoja nyuma akaanza kucheka, akajiziba mudomo, ikashindikana. Baraza nzima ikaangua kicheko. Hata shefu alivaa miwani yake upande.

Lakini Sefu hakucheka. "Sawa, neno tumelielewa," akasema. "Lakini chuma? Mutu aniambie tangu lini chuma inaungua."

Hapo miguu yangu ikasimama yenyewe, miye nikaifuata. Nilikuwa nimekuja na mufuko, ndani yake kipande cha lile ganda, kwa hiyo pengine moyo ulishakata shauri mbele yangu. Nikasema, "Sefu, tuma mutu sokoni anunue nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Achague mwenyewe, miye sitagusa." Zikaletwa. "Zivute ziwe laini, ziguse na kaa la moto, halafu upulize."

Sefu akapuliza. Zile nyuzi zikawaka nyekundu, cheche zikakimbia ndani yake huku na huku mpaka zikabaki nyeusi za kuvunjika. Akaziachia kama zimemuuma. "Ayi!"

"Ni nani mulozi sasa?" Mama Feza akamuuliza. "Weye?"

Nikatoa ndimu. Nikakwangua sufuria ya shefu mwenyewe, nikakamulia: kimya. Nikakwangua kipande cha ganda kilichobaki, nikampa Mama Feza ndimu akamulie kwa mukono wake. Povu. Ikachemka pale pale, watu wakasimama juu ya viti kuona. Kisha nikapiga tupa, nikaweka unga kidogo wa ganda juu ya mchanga mukavu, nikawaambia wageuze macho, nikawasha. Mwanga ule ule mweupe, mudogo, ukapita. Hakuna maneno, hakuna dawa. Manyeziamu tu.

Shefu akauliza, "Asani, chuma hii uliipata wapi?"

Asani akanitazama. Nitamushukuru mutu yule mpaka kaburini, sababu alifunga mudomo. Angebaki amefunga mpaka leo, kama ningemuacha.

"Ni miye," nikasema. "Ni miye niliyemupa. Aliniuliza nikamujibu ni aluminiamu. Sikupima. Nilijua tangu dakika ya kwanza, na nimenyamaza siku tatu."

Nilingoja matusi. Sefu alifungua mudomo, lakini Mama Feza akamutangulia. Alikuja mpaka mbele yangu na ile ndimu iliyokamuliwa mukononi.

"Weye ndiwe wanayekuita Papa Cheche?"

"Ndiyo, mama."

"Wapi! Cheche inaruka haraka. Hii chuma yako, nimeigusa na ndimu mara moja tu, imesema kweli. Weye ulihitaji siku tatu." Akanitia ganda la ndimu kiganjani, akafunga vidole vyangu juu yake. "Papa Ndimu. Ushike, usisahau tena."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini, na miye nikacheka nao huku machozi yananitoka. Kabla ya jua kuzama, jina lilikuwa limefika upande wa pili wa soko. Wateja? Hakuna aliyenikimbia. Waliongezeka, maana kila mutu alitaka chuma yake ipimwe kwa ndimu.

Kibanda cha Asani nilikijenga upya miye, na paa la bati, na pipa la mchanga mukavu lenye kifuniko, sababu manyeziamu ikishika moto unamwagia mchanga mukavu ama unakimbia. Mukono wake ulipona, ila kidole kidogo hakinyooki. Mama Feza alikaa muezi wake wote, akaongeza mumoja. Siku ya kurudi Kabambare aliifunga miguu yote miwili kwa vitambaa mpaka magotini, akaitazama moto ya Asani, akaitemea mate chini ya gurudumu, akapanda.

Ametangulia sasa, yule mama. Miye nimeacha kazi, mumebaki nyinyi. Mutu akiwaletea chuma nyepesi, akiwauliza ni nini, musimujibu kama nilivyojibu miye. Na kama mumeshajibu vibaya, musingoje siku ya tatu. Ndimu ziko dirishani kwangu kila asubuhi. Pitieni muchukue, hata kama muzee bado hajatiwa sukari.